Mkeka Juu ya Tangi

"Mkeka huu ni nani alouweka hapa?"

Bi Mwanaarabu, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo huku akiuvuta mkeka kutoka kwenye mdomo wa tangi na kuinama kutazama ndani. Rahima, mwenye nyumba, alilisikia swali vizuri. Wanaume wakaingia mbio na kamba kutoka ndia ya mtaani, wakamtoa fundi Jeilani hajitambui, na katika zogo lile Mwanaarabu akajijibu mwenyewe: bila shaka fundi kajifunika asipigwe na jua, usingizi ukampitia.

Jibu hilo ndilo lililozunguka mji mzima wa Amu.

Tangi lile la chuma aliliweka uani marehemu mumewe Rahima, likinge maji ya mvua kutoka darini na mtaa uteke bure. Ilikuwa sadaka ya kumfuata kaburini. Lakini hewa ya chumvi haibagui chuma cha sadaka na chuma kingine, na kutu ililila tangi kwa ndani hata maji yakawa yatoka mekundu. Jeilani, aliyejifunza kazi ya meli bandarini Mombasa, aliikwangua kutu kwa brashi ya waya, kajifunga kitambaa puani asivute vumbi lake. Akaosha chumvi kwa maji ya kisima, akangoja chuma kikauke. Siku ya kupaka rangi ya lami alisimama mlangoni, macho chini.

"Bi Rahima, rangi hii mvuke wake hulevya. Mdomo wa tangi usifunikwe hata kidogo, na pawe na mtu wa kuniita nikaitika."

Mjane wa stara hapazi sauti kumwita mwanamume wa watu. Wakakubaliana yeye agonge tangi kwa mchi, fundi naye agonge kutoka ndani. Asubuhi nzima wakagongeana, na Rahima akapika moyo umetulia.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Mtungi wa kutawadhia ulikuwa ng'ambo ya ua, na fundi akichomoza kichwa angemwona nywele wazi, mikono imepandishwa hadi viwikoni. Angeweza kumwomba atoke kwanza, akapumzike barazani. Aliona haya kumwambia sababu. Akapanda ngazi ya tangi polepole, akautandika mkeka juu ya mdomo wa tangi, akijiambia ni kwa kitambo tu. Akatawadha, akapanda chumbani juu kusali. Kisha akakaa na uradi wake, akaurefusha kwa utamu wake, na mkeka ukamtoka akilini. Aliposhuka na kugonga, hakujibiwa; ukelele wake ndio uliomleta Bi Mwanaarabu.

Jeilani hakufa. Ila kichwa hakikuacha kumuuma, na mkono ulitetemeka hata kahawa ikimwagika kikombeni. Mohdhar, nduguye Rahima, aliyekuwa akitafuta mafundi wa kupaka maboya ya bandarini, alisema hachukui mtu wa kulala kazini. Aliyasema hayo nyumbani kwa Rahima, naye Rahima akamjazia kikombe, akanyamaza. Tangu hapo kila akisujudu aliuona mkeka.

Ndipo akaja Barka, mkewe Jeilani, na sahani ya vitumbua.

"Nimekuja kutuombea radhi, Bi Rahima. Mume wangu kakutia hofu nyumbani mwako. Yeye ashikilia hakulala, lakini na mkeka je? Asema haukumbuki. Hata mimi nimemsema. Nimemwambia, wewe ukiona kivuli tu hujiwezi." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Mwambie Bwana Mohdhar amjaribu tena. Nyumbani kainama tu, hata msikitini hendi, achelea kuchekwa."

Rahima aliitazama sahani. Hakuigusa.

"Hakulala, mwanangu. Mkeka niliuweka mimi. Aliniambia nisifunike, nikafunika, nipate kutawadha. Leo kabla ya alasiri Mohdhar atajua, na Bi Mwanaarabu, na kila aliyesikia vingine."

Barka aliondoa mkono kwenye sahani, akauweka juu ya goti.

"Nimemwita mvivu mbele ya wanawe," akasema. "Na wewe ulikuwa wajua."

"Nilikuwa najua."

Rahima alitaka kuongeza habari ya stara, kwamba nia yake ilikuwa njema. Neno hilo akaliacha. Ile haya ilikuwa ya siku moja. Kunyamaza kulikofuata hakukuwa stara ya mtu yeyote.

Barka akainuka. Akalivuta buibui lake, akajifunika uso, akateremka ngazi, akatoka.