Mkasi wa Chaki

Fundi mwashi alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi, akigongea kabari chini ya mrunda ulioegemeza boriti, huku shemeji yake akiushikilia kwa mikono miwili na kukodolea macho dari.

"Gonga taratibu, shemeji. Mama yuko juu."

"Najua aliko mkwe wangu."

Juu yao cherehani ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Jengo lile kuukuu la matofali lilikuwa linakarabatiwa na kuongezwa upande mpya, na ukuta huu wa zamani ndio uliobeba sakafu ya yule mama. Sasa ulikuwa na tundu ambalo ng'ombe angepita bila kuinamisha pembe. Fundi alikuwa ameuchora mkasi wa chaki, mistari miwili iliyopishana, kisha akaenda upande mpya kupokea mchanga. Aliporudi alimkuta shemeji yake, msimamizi wa wabomoaji, anajipangusa vumbi, ameridhika.

"Mkasi kwetu waashi maana yake usiguse," fundi alisema.

"Shuleni mwalimu akikupiga mkasi daftarini maana yake nini? Hakifai, ondoa."

"Wewe mikasi uliizoea."

"Ndiyo maana naijua," shemeji alijibu, lakini kicheko kilimfia mdomoni. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye boriti, likatua begani mwake. "Nani atamwambia?"

Wapangaji wengine walipohama kupisha kazi, ni fundi aliyemshauri mama mkwe abaki. Mama aliogopa kwamba akitoka tu, chumba kitapewa mtu mwingine. "Kaa, mama," alimwambia, "ukuta wako nitaulinda mimi." Tangu hapo mama akawa analala usingizi wake wote.

Fundi alipanda ngazi akikanyaga pembeni. Mlango ulikuwa umekwama. Akausukuma kwa bega.

"Huo mlango unagoma tangu mchana," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Nikadhani ni unyevu. Karibu, mkwe wangu."

"Mama, simamisha mashine. Tutoke. Pita pembeni, usikanyage katikati."

"Kuna nini?"

"Ukuta wa chini umebomolewa."

"Na nani?"

Chini, mwanawe alisikika akikohoa. Fundi akatazama mikono yake.

"Alama niliichora mimi."

Mama alikata uzi kwa meno, akatwaa mtandio. Aliposhika cherehani, fundi akamwomba aiache, isije ikatikisa sakafu.

"Basi nibebe roho tu," alisema, akauvuta mlango kwa shida mpaka ukafungika, akautia ufunguo.

Fundi alinyoosha mkono apokee ufunguo. Mama akaufunga kwenye ncha ya mtandio.

"Huu nitakaa nao mwenyewe."

Mwanawe alimsindikiza kwenda kwa binti yake, nyumbani kwa fundi. Fundi alibaki, akaziba tundu kwa matofali, mstari kwa mstari, mpaka mwanga ukamwishia. Saruji ilikuwa bado mbichi, haiwezi kubebeshwa kitu. Kwenye matofali yaliyosalia palikuwa na nusu ya mkasi wake. Akaifuta kwa mkono wa shati, akaandika neno zima: USIGUSE.

Alijaribu kila kabari kwa kiganja. Kisha akafunika kazi kwa magunia yenye maji. Pale juu, chini ya boriti, pakabaki wazi mpaka kesho, saruji ishike kwanza.