Bichi ya Kipkurui

Siku ile mjinga alikuwa Kipkurui, na wala hakatai. Ukimkuta leo kwenye kituo cha majani chai kule Kiptere, lori limechelewa na watu wamekalia mifuko yao wakitafuta la kucheka, atakwambia mwenyewe kabla wengine hawajamtangulia: katika kilima kizima, kuanzia kanisani hadi mtoni, aliyekosa akili siku hiyo alikuwa yeye peke yake. Hata kuku walimzidi.

Mambo yalianzia mbali sana na chai. Chama chao cha wakulima kilifanya safari ya Mombasa, na Kipkurui, ambaye hakuwa amewahi kuona bahari, akaamka asubuhi na mapema akaenda kutembea bichi, yaani ufuoni, suruali ameikunja hadi magotini na viatu amevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Alikwenda vizuri mpaka akafika mbele ya hoteli moja kubwa. Akatokea askari, akamwambia ageuze, hapo mbele ni pa wageni wa hoteli tu. Kipkurui akauliza kama bahari nayo ni ya hoteli. Askari akamjibu kwamba yeye hakuajiriwa kujibu maswali ya bahari.

Mtu mwingine angekasirika. Wenzake walikasirika kwa niaba yake, wakaitafuna habari hiyo ndani ya basi kutoka Voi hadi Nakuru. Yeye alikaa dirishani akitabasamu. Alikuwa ameona kitu ambacho wao hawakukiona: kumbe mtu anaweza kujitwalia ukingo wa maji aliyoyaumba Mungu, akasimamisha mtu mzima na ndevu zake, na mtu mzima akageuza akarudi. Na shamba lake yeye Kipkurui, tangu lilipopimwa, lilikuwa limeshuka moja kwa moja hadi mtoni.

Pale lilipokutana na mto palikuwa na uwanja mweupe usioota kitu. Alikuwa ameuona maisha yake yote, lakini sasa aliushukia akiwa na macho ya Mombasa, akauzunguka mikono mgongoni, akaamini kwamba Mungu alijenga nusu ya bichi halafu akaacha ili yeye amalizie.

Alichosahau, au tuseme alichoamua kusahau, ni kwa nini majani hayaoti pale. Udongo ule una chumvi. Kabla ya chai kupandwa, ng'ombe wa kilima chote walishushwa pale kulamba, na desturi ikaendelea hadi leo kila Jumamosi: wanalamba udongo mpaka ndimi zinakuwa nyeupe, wanakunywa maji, kisha wanapanda kurudi kwao wakiyumbayumba kama watu waliotoka harusini. Mashamba yalipogawanywa, wazee waligawanya kila kitu isipokuwa chumvi. Hati ilisema shamba linafika mtoni. Watu walisema pale ni pa ng'ombe wote. Baba yake Kipkurui aliishi na maneno yote mawili hadi akafa, na hayakumkosesha usingizi hata siku moja.

Mwanawe yakamkosesha. Aliagiza lori la mchanga kutoka upande wa ziwa, akaumwaga juu ya chumvi, akausawazisha kwa reki. Akachimbia nguzo za mkaratusi, akavuta seng'enge kutoka mpaka hadi mpaka, akaacha geti moja tu. Akaomba miavuli mikubwa ya kijani kwa mawakala wa simu pale sokoni, akaisimamisha mchangani. Kisha akamwita mchoraji wa mabango, na bango likatundikwa: KIPKURUI BICHI. MALI YA KIBINAFSI. NG'OMBE HAPANA.

Chelangat, mke wake na mama wa binti yao Dorine, alilisoma mara moja, akamuuliza kama wale ng'ombe walisomea shule gani. Kipkurui akamwambia biashara haijengwi kwa mizaha, na kuanzia siku hiyo akataka aitwe mkurugenzi. Chelangat hakumnyima. Alimwita mkurugenzi akimtuma kuni, akamwita mkurugenzi akimkabidhi ndoo ya kwenda kukamulia, na jioni moja alimwambia mbele ya wageni kwamba soksi za mkurugenzi zinanuka hadi jikoni.

Aliyekuja kusema bila mzaha alikuwa jirani yao Phelis, ambaye kilimani wanamwita pia Mama Kipruto. Phelis ni mjane, hana chai ya maana. Ana ng'ombe wawili na maziwa yao ndiyo yanayomlisha yeye na wajukuu. Alisimama nje ya seng'enge akaeleza taratibu kwamba ng'ombe wake wasipolamba, maziwa yanapungua, na wiki hizi mbili yalikuwa yameshapungua. Hakuomba mchanga uondolewe. Aliomba geti tu, Jumamosi tu, saa ambayo mkurugenzi mwenyewe angeichagua. Kipkurui akamshauri anunue chumvi ya dukani, ile ya kopo. Phelis akasema ng'ombe wake wameinusa hiyo wakamtazama yeye kama mtu aliyewatukana.

Ukweli ni kwamba moyo wa Kipkurui ulimchoma kidogo. Lakini Jumamosi ile ndiyo aliyokuwa akiisubiri kuliko Krismasi. Gathoni, mfanyabiashara wa viazi kutoka Londiani, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alikuwa ameahidi kuleta kikundi chake cha akina mama waje waone. Wakipendezwa, watakuwa wanakuja kila mwezi na watawaambia wengine. Wasipopendezwa, Kipkurui angebaki na mlima wa mchanga na kilima kizima kinachomcheka. Hapo hakuwa na nafasi ya ng'ombe. Alimwambia Phelis kwamba mtu akae kwake, na ng'ombe wakae kwao.

Phelis akasema yeye atakaa kwake bila shida yoyote. Kuhusu ng'ombe, hakuwa na uhakika.

Jumamosi ikafika na jua lake. Akina mama wa Londiani walishuka kilimani wakiimba, wamevaa leso na miwani ya jua, wengine wamejifunga taulo kabisa, na wachumaji chai kwenye mashamba ya pande zote mbili wakasimama wima kutazama, mikono ikiwa imejaa majani. Gathoni alikuja wa kwanza na kofia pana kama sinia. Akavua viatu, akakanyaga mchanga, akafumba macho, akatangaza kwamba ameshafika Mombasa na hakuulizwa nauli. Kipkurui alihisi miguu yake ikitaka kucheza.

Kisha wakaingia majini. Hapa ni lazima ieleweke kwamba mto ule unatoka msituni, na baridi yake inajulikana hata na samaki, ndiyo maana hawapo. Mama wa kwanza aliingia hadi vifundoni akanyamaza. Wa pili aliingia hadi magotini akaanza kumwomba Mungu kwa Kikuyu. Wakatoka wote kwa kasi ambayo hawakuingia nayo, wakajitupa mchangani juani, wakajipaka mafuta, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Gathoni alisema maji ni mabaya lakini mahali ni pazuri. Kipkurui akaona ushindi uko mlangoni, akamwachia geti Mungu alilinde, akakimbilia nyumbani kuleta kreti la soda.

Kule juu, katika kila boma, ilikuwa saa ya chumvi. Hakuna aliyeswaga ng'ombe. Watu walifungua tu mageti yao, wakakaa kwenye viti. Ng'ombe wakatoka wenyewe, wakaungana njiani kama waumini wanaokwenda kanisani, wakashuka hadi kwenye seng'enge, wakasimama. Huenda wangesimama hapo hadi jioni wakishangaa.

Sasa Kipkurui alikuwa na ng'ombe wake wa Friziani aitwaye Waziri. Alimpa jina hilo kwa sababu alikula sana, akaahidi mengi, na maziwa yakawa kikombe. Waziri alikuwa amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Aliposikia wenzake wakilia kule chini, alikata kamba kwa mvuto mmoja wa shingo, akapita katikati ya safu za chai, akampita mwenye nyumba aliyekuwa amekumbatia soda, akafuata njia ya wageni, akapitia chini ya bango, akaingia getini kwa heshima zote. Wenzake wakamwona. Wakazunguka, wakaunga mstari, wakaingia nyuma yake mmoja mmoja. Seng'enge yote ile haikuguswa hata na mkia.

Waziri alinusa mchanga. Akaparua kwa kwato, akaparua tena, akafika kwenye chumvi, akapiga magoti ya mbele kama anayepokea baraka. Basi ikawa mchanga hewani. Ng'ombe ishirini au thelathini walichimba bichi ile kama wafungwa wanaotoroka. Mwavuli mmoja ulinaswa na pembe ukaenda matembezini. Akina mama waliruka wakakimbilia mtoni, na mto ule ule uliowafukuza ukawahifadhi hadi kiunoni bila kulalamikiwa na mtu.

Gathoni hakuwahi kuinuka. Alikuwa amelala chali amejipaka mafuta toka kidoleni hadi pajani, jasho limekolea juu yake, na ndama wa Phelis alikuwa ameshagundua kwamba chumvi ya mtu wa Londiani haihitaji kuchimbwa. Alianza na unyayo. Gathoni akacheka. Ndama akapanda kwenye shavu la mguu. Gathoni akacheka mpaka kofia ikamtoka, akapiga mchanga kwa viganja, akawaita wenzake watoke majini waje waone maajabu. Ulimi ule, alisema, unakwangua uchovu wa miaka. Mmoja akatoka kumjaribu ndama. Mwingine akatoka. Muda si muda kulikuwa na akina mama wa heshima, viongozi wa kanisa wawili kati yao, wamenyoosha miguu mbele ya ng'ombe wa watu na kusukumana wapate zamu.

Ndipo Kipkurui akafika na kreti lake. Aliona bichi imegeuka mashimo, mwavuli ukitembea, na kilima chote kimesimama kando ya geti, watu wamekuja eti kutafuta ng'ombe wao. Phelis alikuwa mbele, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, mkononi. Alikuwa ameshawakaribisha wageni. Gathoni alikuwa anakunywa, mdomo mweupe.

Kipkurui aliweka kreti chini akaanza kuomba radhi, kwamba haya hayatarudiwa, kwamba kesho ataongeza waya na kuweka mlinzi. Gathoni alimtazama kama mtu anayetaka kumnyang'anya chakula kinywani. Akamwambia maji yale hata bure hayataki, na mchanga upo hata Londiani kwenye ujenzi. "Baba Dorine, sisi tutarudi Jumamosi ijayo. Tukikuta hawa umewafungia nje, tutageuza gari hapo hapo barabarani."

Mtu mwenye akili angeshukuru, angefungua soda. Lakini imeshasemwa akili siku hiyo ilikuwa kwa kuku. Kipkurui aliona majirani wakitabasamu, na tabasamu lile lilimwingia kama mwiba wa waridi. Akageuka akamkabili Phelis. Alisema mengi: kwamba shamba limepimwa, kwamba hati anayo, kwamba inasema hadi mtoni na si hadi kwa ng'ombe. Phelis akamjibu kwamba hata marehemu baba yake alikuwa na hati hiyo hiyo na hakuwahi kuifungia chumvi. Kipkurui akasema baba yake hakufika Mombasa. Wazee wakaguna. Chelangat, aliyekuwa amesimama na wale wa nje ya geti, akafunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama Kipruto, mimi sitaki kesi," Kipkurui akasema, akinyoosha mkono juu ya mashimo yote yale. "Hapa ni kwangu, na nikisema toka, ni kutoka. Ondoeni hao ng'ombe. Wote. Sasa hivi."

Majirani wakaacha kutabasamu. Hata akina mama wa Londiani walirudisha miguu. Phelis hakuwatazama ng'ombe wake. Alimtazama Waziri, aliyekuwa amezama kichwa chote shimoni katikati ya bichi, makalio juu, mkia ukipigapiga miavuli kwa raha.

"Anza na huyu wako, mkurugenzi," akasema. "Akikusikia, na sisi tutatoka."