Mpaka Skripti Iseme

Alasiri moja ya Ramadhani, katika nyumba ya kupanga huko Cibubur ambayo kwenye televisheni ni hospitali, Niken Palupi alipanda kitandani, akafunikwa shuka mpaka kidevuni, akabandikwa mpira wa hewa puani. Alikuwa mke mwema wa tamthilia inayopigwa picha mchana na kurushwa jioni ile ile, na siku hiyo gari lake lilikuwa limekatwa breki. Tegar, mwongozaji, alimwambia afumbe macho. Akafumba. Tegar aliposema "Kata," hakufumbua.

Wenzake walikunja nyaya wakaenda kufuturu. Asubuhi mpambaji alimfuta uso, akampaka poda upya. Skripti ilisema hana fahamu. Haikusema atazipata lini.

Kosa lake lilikuwa kuomba ruhusa ya kwenda kwao Kebumen kwa sikukuu; bosi wa tamthilia akamjibu kwa kumwandikisha ajali hiyo. Mwaka uliotangulia aliomba akanyimwa, na baba yake akafa siku chache baada ya Idi, mtoto hajampigia magoti kumwomba msamaha wa mwaka kama ilivyo desturi. Kule mazikoni mama yake, Lasmini, alimwambia mbele za watu, "Nenda kalie huko kwenye televisheni. Mimi sina mtoto." Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo walikuwa hawajasemezana, na Idi ndiyo iliyokuwa imebaki ya kuwapatanisha.

Lasmini alimwona binti yake kwenye tamthilia, amelala. Tangu utotoni Niken akijisingizia usingizi, kope humchezacheza. Safari hii hazikucheza hata kidogo. Mama akatia ketupat kikapuni, ule wali wa kusukiwa majani ya mnazi, akapanda treni.

Kwenye geti la nyumba ile aliwakuta kina mama wa mtaani. Walikuwa wamekuja kumsomea mgonjwa Yasini, na sasa walikuwa wamemzingira mwigizaji anayecheza mke wa pili.

"We mwanamke, breki umekata wewe! Tumekuona kwa macho yetu!"

"Jamani mama zangu, mimi nimeajiriwa tu."

"Hata shetani ana kazi yake! Pita huko!"

Mwandishi wa skripti, binti aitwaye Inggrit, alikuwa jikoni na kompyuta mapajani, akiandika ya jioni. Mkono mtupu haulambwi. Lasmini akatanguliza kikapu.

"Mwanangu, niandikie mstari mmoja tu. Anafumbua macho."

"Mama, mimi naandika, lakini anayeamua ni bosi. Tangu dada alale, watazamaji wamefurika. Nikimwamsha leo bila ruhusa, mimi ndo nitalala."

"Na Idi je?"

"Hata mimi nyumbani sijaenda, mama."

Lasmini akaenda kukaa kando ya kitanda, akamshika binti yake mkono, akalia. Alilia kwa hasira na kwa majuto, na hakuona taa zikiwashwa. "Mwacheni hapo hapo," Tegar alinong'ona. Jioni kilio chake kikarushwa nchi nzima, na bosi akapiga simu kusema mgonjwa ataamka asubuhi ya Idi.

Asubuhi hiyo takbira zilikuwa zikisikika kutoka misikiti ya pande zote. Lasmini alivaa nguo yake ya sikukuu, akawekewa kiti penye mwanga mzuri. Skripti ilichelewa. Kila gari lililopita njiani alilitazama. Hatimaye Inggrit akaingia na karatasi, akampa Tegar, akampita mama bila kumtazama usoni.

Tegar akasoma, akakohoa. "Haya. Kamera."

Niken akafumbua macho. Akatazama dari, akatazama taa, kisha akamtazama mama yake.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Wewe ni nani?"

"Bosi kaongeza ukurasa," Inggrit alisema kwa sauti ndogo pale mlangoni. "Amepoteza kumbukumbu."

"Zitarudi lini?"

"Watazamaji wakipungua."

Lasmini akashuka kitini, akapiga magoti, akalaza paji la uso juu ya viganja vya binti yake, yeye mzazi.

"Nisamehe kwa neno nililokuambia kule makaburini."

"Silijui neno lenyewe, mama," Niken akasema, "lakini nimekusamehe."

Lasmini hakunyanyuka. Alikuwa akingoja zamu ya mtoto, aombe na yeye asamehewe. Alingoja sana. Haikuwamo kwenye skripti.

"Kata!" Tegar akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Nzuri sana, mama. Turudie. Ila usogee kulia kidogo, umemziba."

Niken akafumba macho, ili aamke tena. Lasmini akasogea kulia.