Jina la Ishirini na Tatu

Siku hizo nchi ilikuwa mpya, hata kiti cha mkubwa bado kinanuka vanishi, na gazeti la serikali lilikuwa na nguvu za kutisha. Kilichochapwa humo ndicho kilichokuwepo. Mwaka wa kwanza wa uhuru lilitangaza kwamba daraja la mto mkubwa limekamilika. Mgeni rasmi akaenda, akakata utepe, umati ukavuka kwa kuogelea huku ukishangilia. Wawili walizama, ila gazeti halikuwataja, kwa hiyo hawakuzama.

Aliyepanga herufi za daraja lile aliitwa Risasi, maana vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa ile risasi wanayoyeyusha kutengenezea herufi. Alikaa karibu na dirisha la kiwanda cha chapa, akiziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume. Hakuna waziri aliyepanda wala kuanguka bila kupita kwanza mikononi mwake.

Lakini lililomkaa rohoni lilikuwa moja tu, kaka yake. Kaka mtu alikuwa dereva wa lori, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja kwenye foleni alisema, "Uhuru umewahi, sukari ndiyo imechelewa." Foleni nzima ikacheka. Mmoja hakucheka. Huu ulikuwa mwaka wa sita yuko ndani, hana kesi, hana barua. Mama yao kila asubuhi aliweka kigoda mlangoni na kumwambia Risasi, "Wewe si uko serikalini? Waambie mimi nazeeka."

Serikali ikapinduliwa. Wanajeshi walioingia wakaahidi kuwafungua wafungwa wote wa siasa. Ijumaa orodha ikafika kiwandani, majina ishirini na mawili. Risasi akaisoma juu chini, chini juu. Kaka hayumo.

"Mzee, wamemsahau au hayupo tena?" alimuuliza msahihishaji, mzee aliyeitwa Miwani ingawa miwani yake ilibaki na kioo kimoja.

"Mimi nasoma makosa ya herufi, bwana mdogo. Makosa ya serikali yana msomaji wake."

Miwani alipokwenda kunywa chai, Risasi akapanga jina la ishirini na tatu. Hajawahi kupanga mstari safi kama ule, na jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Miwani akarudi, akaipitia nakala, kidole kikasimama mwishoni. Akakohoa. Akatia sahihi.

Mkuu wa gereza alikuwa mtu wa kanuni. Gazeti limesema ishirini na tatu, basi watoke ishirini na tatu.

Alhamisi lori likasimama nje ya nyumba. Mama aliinuka mpaka kigoda kikapinduka. Majirani wakatoka na vigelegele. Askari akateremsha mtu, mifupa mitupu, kisha akamnyooshea Risasi karatasi.

"Tia sahihi hapa. Umepokea kaka mmoja."

Risasi akamtazama yule mtu. Hakuwa kaka yake. Hakufanana naye hata kwa kulazimisha.

"Afande, huyu..."

"Huyu nini? Jina si hili? Au gazeti limekosea?"

Yule mtu alimkodolea Risasi macho ya mtu anayening'inia ukingoni mwa kisima. Risasi akawaza ni nani aliyelipanga gazeti hilo. Akatia sahihi.

Mama akamshika mgeni mkono, akamwingiza ndani, Risasi akafuata, mama akafunga mlango.

"Mwanangu alikufa lini?" aliuliza taratibu.

Mgeni akapiga magoti. "Mwaka wa pili, mama. Homa. Alituchekesha mpaka siku yenyewe. Sasa gazeti lilipofika, mkuu akamkosa mtu wa jina lile. Akasema serikali haiwezi kumfungua maiti, akanichukua mimi, kwa kuwa nalala pale alipolala."

"Na mama yako wewe yupo?"

"Nilimwacha yupo. Lakini nikienda kwake mimi ni mtoro. Jina langu halikuchapwa."

"Orodha nyingine ikija..." alianza Risasi, akakumbuka. Jana tu alipanga tangazo kwa vidole vyake mwenyewe: wafungwa wa siasa wamekwisha, nchi haina hata mmoja.

Mama alifungua kinywa kulia. Risasi akamwahi, "Mama, watasikia! Watauliza tunamlilia nani, na mtu amesharudi."

Mama akaukunja upindo wa nguo yake, akaushindilia kinywani, akalia hivyo hivyo, mabega yanaruka na sauti haitoki. Nje wakaanza kugonga.

"Mama, fungua! Usimfiche peke yako, na sisi tumwone!"

Akautoa upindo, akajifuta uso.

"Inuka, mwanangu," alimwambia mgeni. "Kawasalimie."