Damu ya Asubuhi

Kompyuta ilisema mchambuzi wake mwenyewe ni mgonjwa.

Alilisoma jibu tena, mkono shavuni. Programu hii aliifundisha yeye: ichunguze seli za kinga katika damu, iwatenge wenye afya na wale ambao kinga yao imegeuka mbwa anayemng'ata mwenye nyumba. Dada yake mkubwa alikuwa mmoja wa hao. Dawa ilimchoma tumbo na vidole havikupoa. Daktari alisubiri programu ithibitishwe ndipo aamue kama ambadilishie.

Mchambuzi alikuwa ametoa damu upande wa wenye afya. Alijibinya vifundo vya vidole. Havikuuma. Hofu ikapita, ikaacha kitu kibaya zaidi: shaka.

Wagonjwa wote walitolewa damu kliniki, asubuhi. Wenye afya walikuwa wafanyakazi wa jengo, walioombwa wapite jioni wakitoka kazini. Yeye peke yake alimsindikiza dada yake asubuhi, akanyoosha mkono hapohapo kukwepa safari ya pili. Na seli za kinga zina zamu kama walinzi. Damuni huongezeka na kupungua kutwa nzima.

Akatoa damu tena, safari hii jioni. Majibu yaliporudi, kompyuta ikasema hana neno.

Miezi yote ile haikujifunza ugonjwa. Ilijifunza saa.

"Lazima tuseme leo?" aliuliza mkuu wa maabara, akivua miwani. "Mkutano wa kuithibitisha programu ni kesho."

"Mficha maradhi, Mkuu..."

"Kifo humuumbua. Najua. Nilitaka tu mtu wa kunikataza."

Dada yake alikuwa jikoni, akimenya vitunguu taratibu kwa vidole vilivyovimba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Kumbe huo mtambo wako ni jogoo," alisema. "Unajua kumekucha, basi."

Mchambuzi akacheka.

"Na dawa yangu?"

"Endelea nayo, dada. Tunaanza upya, wote watolewe damu saa ileile."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Si ungenidanganya kidogo, mdogo wangu?"

"Ningekudanganya, ungebadilishiwa dawa kwa kubahatisha."

Dada akaweka kisu chini. Akanawa mikono, akachukua kidonge cha mchana, akakitazama kama mgeni asiyeaga, akakimeza.