Sori Bila Kosa

Wodi nzima inamwita dada yangu Mama Pole. Yeye ni muuguzi. Ukijikwaa mbele yake, pole. Ukipiga chafya, pole. Ukitoka kazini, pole na kazi. Ukikosa kazi, pole zaidi. Wagonjwa waoga humsubiri yeye na kuwakataa wengine wote, kwa sababu sindano yake hutanguliwa na pole na kufuatwa na pole, katikati mtu anasahau hata kulia.

Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imemkubali. Vyeti vilipita, damu ilipita, hata picha ya pasipoti ilipita, ile aliyotoka kama mtu aliyeficha pipi mdomoni. Kikwazo kilikuwa mtihani wa Kiingereza. Alishaufeli mara moja, sehemu ya kuzungumza, na hospitali ikamwambia kiungwana kwamba ni mara hii au basi.

Akaenda kwa mwalimu tuliyempa jina la Bwana Lafudhi. Darasa lake lilikuwa ghorofani, juu ya saluni, sarufi ikiingia na harufu ya nywele zilizoungua. Hakuwahi kuvuka mpaka wowote, lakini Kiingereza chake kilipitia puani, na watu wakaona huo ni ushahidi tosha wa safari. Siku ya kwanza alidondosha chaki. Dada akasema, "Sori."

"Kwani wewe ndiye uliyeidondosha?"

"Hapana, mwalimu. Nakupa pole tu."

"Hapo ndipo mnapofelia. Mwenye Kiingereza chake hasemi sori bila kosa. Ukisema sori, umekiri. Kule watakushitaki, dada yangu."

Basi ikawa vita dhidi ya neno moja. Nyumbani mimi nilipewa kazi ya kuumia. Nagonga goti kwenye meza, nalia "Mama wee", na dada anatakiwa anitazame tu. Siku za mwanzo alikuwa anajing'ata midomo, jasho linamtoka. Baadaye akazoea. Niliungua kidole kwenye sufuria, safari hii kweli, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimezima jiko. Shemeji, mumewe, akapiga makofi.

Siku ya mtihani, sehemu ya kuzungumza ilikuwa mchezo wa kuigiza. Dada awe muuguzi, mtahini awe binti ambaye baba yake amefariki wodini sasa hivi. Mtahini, mama mtu mzima, akafunika uso kwa leso, akalia kwa ustadi. Dada alinisimulia jioni kwamba pole ilimpanda hadi kooni. Akaimeza. Akanyoosha mgongo, akasema kwa Kiingereza safi, kila herufi mahali pake, kwamba hilo halikuwa kosa lake.

Mtahini akaacha kulia.

Matokeo yalikuja kwenye simu. Sarufi, vizuri sana. Matamshi, vizuri sana. Huruma, hana. Alitakiwa kusema sori tu, neno lile lile tulilolifukuza nyumbani kama mwizi. Amefeli. Hospitali ikampa mtu mwingine nafasi, na dada akalala na sare yake ya kazi bila kula.

Mimi nilipandwa na hasira. Nikapanda ngazi za saluni kwenda kumpa Bwana Lafudhi vidonge vyake.

"Hiyo ni sori nyingine," akaniambia bila kupepesa macho. "Ile ya msiba. Tunaifundisha kwenye kozi ya pili. Mwambie aje, hospitali za ng'ambo ziko nyingi."

Nilimfikishia dada salamu hizo kama kichekesho. Hakucheka. Kesho yake alikwenda kujiandikisha.

Kwenye kozi ya pili huruma ina hatua zake. Unainamisha kichwa kidogo upande, unashusha sauti, unanyamaza kidogo, ndipo unatamka. Dada akawa anafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, na Shemeji anamsahihisha shingo.

Juzi nimeng'olewa jino. Nilirudi shavu limevimba, mate yana damu, nikakaa sebuleni. Dada akaja. Akainamisha kichwa. Akashusha sauti, akanyamaza kidogo, akatamka. Lafudhi ilikuwa nzuri mno. Nikangoja anishike shavu, lakini alikuwa amesimama pale pale, ananisoma usoni.

"Vipi, nimepatia?"

"Umepatia," nikamwambia. "Safari hii utafaulu." Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia.