Kipimo cha Mzee Ryoba

Kwa miaka thelathini na minane Mzee Ryoba alikereza vyuma vya mashine za pamba kule Bunda, na hakuna aliyethubutu kurudia kipimo chake. Ndiyo maana mjukuu wake, Ghati, alipomaliza kuchonga matundu ya silinda katika pande zima la aluminiamu, liwe injini ya gari la mashindano la Isaya, mwenye karakana, mzee ndiye aliyeingiza maikromita kupima upana wa matundu, pande lingali na joto la mashine.

"Subiri lipoe, babu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma chako cha zamani."

"Mke wangu, unanifundisha kupima? Nilipima kabla mama yako hajaota meno!"

Karakana yote pale Bweri ikacheka. Ghati naye akacheka, akaandika alichotajiwa, akachagua pistoni kwa kipimo hicho hicho. Kumkosoa babu mbele za watu ni kumvua nguo.

Siku ya kuiwasha, injini ilinguruma dakika nne, ikapiga yowe, ikakwama. Walipoifungua, pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania, kuta za silinda zimechubuka. Pande lilipopoa lilikuwa limenywea, na nafasi nyembamba kama unywele iliyohitajika haikuwapo. Mzee alilitambua kosa kabla ya yeyote kunena.

"Nani alipima?" Isaya akauliza, maana siku ya kupima hakuwapo.

Mafundi wakamgeukia mzee. Yeye akaifuta maikromita kwa kitambaa.

"Mimi," Ghati akasema.

"Nilionywa nisimpe binti kazi hii! Pande la pili atachonga fundi mwenzako Hezron. Wewe kafagie."

Mzee akarejea kwake Butiama bila kuaga. Njiani jirani akamwamkia, "Shikamoo, Mzee Kipimo!" Jina lile alilolipenda miaka yote likamchapa kama kofi.

Siku ya tatu alirudi Bweri. Alipokaribishwa kiti, hakuketi.

"Isaya, kipimo kile kilikuwa changu. Binti alinionya, nikamfanyia mzaha. Kisha nikamwacha abebe aibu yangu, nami nimesimama pale pale, mtu mzima."

Isaya akainamisha macho. "Basi, mzee wangu, yamekwisha."

"Hayajaisha. Ufagio bado uko mkononi mwake."

Isaya akakohoa. "Ghati, rudi kwenye mashine."

Mzee akaupokea ufagio.

"Acha, babu, watu wanatazama."

"Watazame."

Akaanza kufagia mabaki ya aluminiamu. Ghati akajaribu utani: "Mume wangu, hata kufagia hujui, unaacha pembeni."

Hakuna aliyecheka. Mzee akarudi kufagia pembeni, wala hakuinua uso.